Nimeandikiwa dawa ya mifupa, lakini madhara yake yananitisha: nimeze au niache?

Swali la msomaji kwa ufupi: Ni mama wa miaka 67. Mwaka jana aliteleza akiwa anatembea ndani ya nyumba, akavunjika mkono karibu na kifundo. Kipimo cha DXA (picha ya kupima uzito wa mfupa) kilichofuata kilitoa alama ya T, inayolinganisha mfupa wake na wa kijana mwenye afya, ya -2.8 kwenye nyonga na -2.4 kwenye uti wa mgongo. Akaandikiwa alendroneti ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Pakiti anayo kwa miezi minne sasa na hajaifungua, maana amesoma kwamba dawa hizi huozesha taya na huvunja mfupa wa paja. Ana kiungulia cha mara kwa mara, tena kuna jino ambalo daktari wa meno alikwisha kusema litang'olewa. Anauliza: kalsiamu, vitamini D na mazoezi havitoshi?

Jibu la mtaalamu

Mama, pole kwa mkono. Nitangulize jibu, sababu zifuate: kwa maelezo yako, dawa unaihitaji. Lakini si lazima iwe kidonge hicho, wala huna haja ya kuanza kesho asubuhi. Jino litangulie.

Kilichonifikisha hapo ni ule mkono kuliko hiyo -2.8. Mtu akianguka kutoka kimo chake tu, bila kugongwa na gari wala kuporomoka ngazi, mfupa wenye nguvu unatakiwa kustahimili. Ukivunjika, umekwisha kutoa ushahidi ambao hakuna mashine inayoweza kuupinga. Aliyevunjika mara moja ana takriban maradufu ya hatari ya kuvunjika tena akilinganishwa na mwenzake wa rika lake ambaye hajavunjika, na hatari hiyo huwa kali zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Wewe uko ndani ya miaka hiyo miwili, na miezi minne ya kusitasita imetoka humo humo.

Kuhusu vipimo vyenyewe: mstari wa -2.5, ambao ukifikiwa au kupitwa kwenda chini huitwa osteoporosisi (ugonjwa wa mifupa kudhoofika), uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na huhesabiwa ile alama iliyo mbaya zaidi kati ya nyonga na uti wa mgongo. Kwa hiyo una osteoporosisi, hata kama uti wa mgongo umeishia -2.4. Hiyo -2.4 nayo usiiamini sana. Katika umri wako pingili za mgongo mara nyingi huwa na vichomozi vya mfupa vinavyotokana na uchakavu wa viungo, na mshipa mkubwa wa damu unaopita mbele yake huwa umeota chokaa. Mashine huvihesabu vyote kama mfupa, na alama inapanda bila sababu ya kweli.

Sasa tuje kwenye hofu. Kosa linalofanyika karibu kila mahali ni kupima hatari ya dawa kwa kipimo kimoja na hatari ya ugonjwa kwa kipimo kingine. Ya dawa inaelezwa kwa picha ya taya lililooza, ya ugonjwa inaelezwa kwa asilimia kavu. Tuziweke zote mbili kwenye hesabu moja: wanawake 1,000, miaka mitatu.

Utafiti mkubwa wa alendroneti uliochapishwa mwaka 1996 uliwachukua wanawake waliokuwa tayari na pingili iliyovunjika. Miongoni mwa waliopewa kidonge bandia, pingili mpya zilivunjika kwa kiwango cha watu 150 katika kila 1,000. Miongoni mwa waliopewa dawa, 80. Nyonga: 22 dhidi ya 11. Kifundo cha mkono: 41 dhidi ya 22. Huo ndio upande wa faida. Upande wa taya, kwa dozi zinazotumika kutibu osteoporosisi, makadirio ni kati ya mtu mmoja katika 10,000 na mmoja katika 100,000 kwa mwaka. Hata tukichukua kadirio baya kuliko yote, wanawake 1,000 wakitumia dawa kwa miaka mitatu hatupati hata mgonjwa mmoja. Ni theluthi moja ya mtu, kwa lugha ya hesabu.

Mbona basi habari za taya zimejaa kila kona? Kwa sababu wengi wa wagonjwa hao walikuwa na saratani. Dawa za jamii hii hii, bisfosfoneti, hutumika pia kwa saratani iliyoingia kwenye mifupa. Asidi ya zoledroniki kwa mgonjwa wa saratani ilikuwa miligramu 4 kila mwezi. Kwa osteoporosisi ni miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Tofauti ya karibu mara kumi, na mtu wa saratani ana mengine pia yanayodhoofisha kinywa chake, mionzi na dawa za kemikali zikiwemo. Kumtisha mama wa osteoporosisi kwa takwimu za wodi ya saratani si haki.

Hata hivyo jino lako si jambo la kupuuza. Tatizo la taya hutokea hasa pale mfupa unapoachwa wazi baada ya kung'oa jino au kupandikiza jino bandia. Kuziba, kusafisha na kutibu mzizi hakuna neno. Kwa hiyo ling'olewe sasa, kabla ya dozi ya kwanza. Subiri ufizi ufunike shimo kabisa na daktari wa meno alithibitishe hilo kwa macho, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki chache. Mwambie pia akague meno yote yaliyobaki, na kama una meno ya bandia yanayokukwaruza, yarekebishwe. Wavutaji sigara, wenye kisukari kisichotulia na wanaomeza vidonge vya steroidi wawe waangalifu zaidi. Ikitokea ukahitaji kung'oa jino jingine baadaye ukiwa tayari kwenye dawa, mwambie daktari wa meno unatumia nini na kwa muda gani. Ukiwa kwenye vidonge kwa miaka michache tu, kwa kawaida hakuna haja ya kuvisimamisha.

Mfupa wa paja ni hofu yenye uzito zaidi, nami siwezi kuipunguza kwa maneno matamu. Bisfosfoneti hufanya kazi kwa kuzizuia seli zinazobomoa mfupa. Zikizuiwa miaka mingi, nyufa ndogo ndogo ambazo kwa kawaida hubomolewa na kujazwa upya zinaweza kujikusanya, na kwa watu wachache mfupa wa paja hukatika katikati, wakati mwingine bila hata kuanguka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia karibu wanawake 200,000, ulitoa hesabu hii: kati ya wanawake weupe 10,000 waliotumia dawa kwa miaka mitatu, nyonga 149 ziliepushwa kuvunjika na mapaja 2 yalivunjika kwa ajili ya dawa. Kwa wanawake wenye asili ya Asia, nyonga 91 ziliepushwa na mapaja 8 yakavunjika. Hesabu bado iko upande wa dawa, ila si sawa kwa kila mtu, na inabadilika kadiri miaka inavyosonga. Hatari hupanda kwa muda wa matumizi, hasa ukishapita miaka mitano na kuikaribia minane, na hushuka haraka dawa ikiachwa. Ndiyo sababu siku hizi haiandikwi ya maisha.

Paja mara nyingi hutoa onyo. Maumivu yasiyo makali lakini yasiyokoma kwenye paja au kinena, ya wiki kadhaa, upande mmoja au pande zote mbili. Ukiyapata, usingoje miadi. Omba eksirei ya mapaja yote mawili, kuanzia nyonga hadi goti. Picha ya nyonga peke yake inaweza kukosa ufa ulio chini zaidi, na paja la pili mara nyingi huwa na ufa wake bila kuuma.

Kiungulia chako ndicho kinachonifanya nisite juu ya kidonge, kuliko taya na paja. Alendroneti ikigusana na ukuta wa umio (mrija wa chakula) kwa muda, inauchoma. Katika utafiti ule wa 1996, malalamiko ya tumbo yalikuwa karibu sawa kwa waliopewa dawa na waliopewa kidonge bandia, lakini walikuwa wakiimeza kwa kufuata masharti. Nyumbani masharti ndiyo huvunjwa kwanza. Siku ileile ya juma, ukiamka, kabla ya kitu chochote kuingia kinywani, kimeze kizima kwa glasi nzima ya maji ya kawaida, kama mililita 200. Usikitafune wala kukimumunya. Kisha kaa wima, simama au tembea kwa dakika 30, bila kula, na usilale hadi umepata kifungua kinywa. Kwa ibandroneti, kidonge kingine cha jamii hii kinachomezwa kila mwezi, ni dakika 60. Kahawa au juisi ya machungwa pamoja na kidonge hupunguza kwa takriban asilimia 60 kiasi kinachofyonzwa, na hapo ujue kwamba hata kwa maji matupu kinachoingia mwilini hakifiki asilimia 1. Ukikimeza pamoja na maziwa au kidonge cha kalsiamu umekitupa. Kalsiamu, madini ya chuma na dawa za kutuliza asidi zisogeze hadi jioni. Ukisahau siku yako, meza kesho yake asubuhi kisha rudi kwenye ratiba, na kamwe usimeze viwili siku moja. Ukianza kusikia maumivu unapomeza, au kiungulia kikazidi kuliko ulivyokizoea, simamisha na umwone daktari.

Mwenye umio uliobana, anayeshindwa kukaa wima nusu saa, mwenye kalsiamu ya chini kwenye damu, au mwenye figo zinazochuja chini ya mililita 35 kwa dakika, kidonge hiki si chake. Na ikiwa kiungulia chako kimekufanya umeze omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) kwa miaka, mweleze daktari wa mifupa. Matumizi ya muda mrefu ya dawa hizo yamehusishwa na kuvunjika kwa mifupa, kwa hiyo inafaa kuuliza kama bado unazihitaji.

Kwa mtu kama wewe mimi ningeuliza kuhusu dripu. Asidi ya zoledroniki ya miligramu 5 huingizwa kwenye mshipa kwa dakika zisizopungua 15, mara moja kwa mwaka, na umio hauhusiki. Katika utafiti wake mkuu wa mwaka 2007, waliovunjika pingili kwa miaka mitatu walikuwa asilimia 3.3 dhidi ya 10.9 kwa waliopata dripu bandia, na nyonga asilimia 1.4 dhidi ya 2.5. Uwe tayari kwa jambo moja: karibu mtu mmoja kati ya watatu hupata homa, baridi na maumivu ya mwili ndani ya siku tatu za dripu ya kwanza. Si mzio, na huisha yenyewe, aghalabu kwa siku chache, parasetamoli husaidia. Mara ya pili huwa hafifu zaidi au haitokei. Kunywa glasi mbili za maji kabla ya kwenda, na dripu isiwekwe kabla kalsiamu, vitamini D na figo havijapimwa. Vitamini D ikiwa chini, dripu inaweza kuteremsha kalsiamu ya damu ghafla, ukaanza kufa ganzi midomo na vidole na misuli kukakamaa.

Hapa ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo, tena limo ndani ya utafiti huo huo. Wanawake wote walioshiriki walipewa kalsiamu na vitamini D, wa dripu bandia pia. Ile asilimia 10.9 ni ya watu waliokuwa wakitumia kile unachotaka kukitegemea. Kalsiamu na vitamini D ni malighafi. Bila hizo, dawa haina cha kufanyia kazi, lakini zenyewe hazizuii ubomoaji. Lengo ni miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku ukijumlisha chakula na vidonge, kwa hiyo hesabu kwanza kilicho sahanini, kisha ongeza pengo tu. Kuzidisha hakuongezi mfupa, kunaleta mawe ya figo. Vitamini D uniti 800 hadi 1,000 zinatosha wengi, na kiwango cha damu kifike angalau nanomoli 50 kwa lita.

Mazoezi nayatetea kwa nguvu, lakini kwa kazi yake. Mazoezi ya mizani na nguvu za miguu hupunguza kuanguka kwa karibu robo, na asiyeanguka ni nadra kuvunjika nyonga. Kwa mfupa wenyewe faida yake ni ndogo. Nyanyua uzito mara mbili au tatu kwa juma chini ya mtu anayejua, fanya ya kusimama kwa mguu mmoja ukiwa karibu na kitu cha kushika, na acha kabisa mazoezi ya kuinamisha mgongo kwa mbele na kuupinda huku umebeba kitu hadi upigwe picha ya mgongo. Takriban theluthi mbili ya pingili zinazovunjika hazigunduliwi wakati zinapovunjika. Mtu hudhani ni mgongo wa uzee. Ukipungua kimo kwa sentimita 4 tangu ujana, shuku. Picha hiyo ina uzito katika uamuzi: ikionekana pingili iliyosagika, uko kwenye daraja la hatari kubwa sana, na mjadala unahama kutoka alendroneti hadi dawa zinazojenga mfupa.

Dawa hizo nizitaje kwa haraka. Teriparataidi ni sindano ya mikrogramu 20 kila siku, hadi miaka miwili. Lile onyo la saratani ya mfupa lilitokana na panya, na Marekani iliondoa onyo la kisanduku mwaka 2020. Romosozumabu huchomwa kila mwezi kwa miezi 12, na hapewi aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya mwaka uliopita. Zote mbili zikiisha lazima zifuatwe na dawa ya kuzuia ubomoaji, la sivyo mfupa uliojengwa hupotea. Raloksifeni hulinda uti wa mgongo lakini haijathibitika kulinda nyonga, na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, hivyo kwa nyonga ya -2.8 siyo chaguo langu.

Denosumabu nitaisimamia kidogo, kwa sababu watu wengi huikubali kwa urahisi wake bila kuambiwa sharti lake. Ni miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi sita. Inafanya kazi vizuri sana, na haitegemei figo kuitoa mwilini. Lakini haibaki ndani ya mfupa kama bisfosfoneti. Ukiiacha au ukichelewa, seli za ubomoaji zilizokuwa zimefungiwa hurudi kwa kishindo, na wapo wanaovunjika pingili kadhaa kwa mpigo ndani ya mwaka. Dozi isichelewe zaidi ya mwezi mmoja. Kuiacha ni lazima uhamie bisfosfoneti kwa mpangilio. Kama upatikanaji wake kila baada ya miezi sita hauna uhakika, usiianze. Kwa wenye figo zilizochoka sana, hasa walio kwenye mashine ya kusafisha damu, inaweza kushusha kalsiamu kiasi cha kuhatarisha maisha, na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliweka onyo lake kali kuhusu hilo Januari 2024.

Kabla ya dozi yoyote, hakikisha mtu ametafuta sababu nyingine ya mfupa kudhoofika: kalsiamu, kreatinini (kipimo cha figo), vitamini D, tezi ya shingo, wingi wa damu, na homoni ya paradundumio (tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu) ikiwa kalsiamu si ya kawaida. Mwenye upungufu wa damu usioeleweka apimwe protini za damu, maana saratani ya uboho huweza kujificha nyuma ya jina la osteoporosisi. Na kama umewahi kumeza predinisoloni (dawa ya steroidi) miezi mitatu au zaidi, itaje hata usipoulizwa.

Ukianza, uamuzi haujafungwa. Kidonge hutathminiwa baada ya miaka mitano, dripu baada ya mitatu. Dawa hizi hukaa ndani ya mfupa kwa miaka, kwa hiyo aliyetulia anaweza kupumzika huku akifuatiliwa. Utafiti mmoja wa mwaka 2006 uliwagawa wanawake waliotimiza miaka mitano ya alendroneti: walioacha walivunjika nyonga sawa na walioendelea, ila pingili zenye kuuma zilikuwa asilimia 5.3 kwa walioacha na 2.4 kwa walioendelea. Ndiyo maana wa hatari kubwa huongezewa muda. DXA rudia baada ya miaka miwili, kwenye mashine ileile, na badiliko la asilimia mbili juu au chini usilichukulie kama habari. Alama kubaki palepale ni mafanikio; hii dawa hupimwa kwa mifupa ambayo haikuvunjika.

Isingekuwa mkono ule ningeongea tofauti. Mwanamke wa miaka 58 mwenye -1.9, ambaye hajawahi kuvunjika na ambaye FRAX, kikokotoo kilichobuniwa Sheffield, inampa asilimia 1 ya kuvunjika nyonga kwa miaka kumi, ana haki ya kukataa dawa bila kuonekana mkaidi. Marekani mstari wa kuanza kwa watu wa alama kama yake ni asilimia 3 kwa nyonga, au 20 kwa mifupa mikubwa yote pamoja. Yeye anapata faida ndogo, na madhara adimu yanaanza kuwa na uzito.

Nawe pia, ukishasoma yote haya ukaamua hapana, ni haki yako. Mwambie daktari waziwazi badala ya kuiweka pakiti kabatini, ili rekodi zake zisionyeshe kwamba unatibiwa. Piga picha ya mgongo sasa, rudia DXA baada ya mwaka mmoja, na kubaliana naye mapema kitakachobadilisha jibu: mfupa mwingine kuvunjika, kimo kupungua kwa sentimita 2, au nyonga kushuka hadi -3.0.